Betri mpya, na taa bado inawaka

SWALI: Nina Toyota Probox niliyoinunua kwa mtu hapa Malindi. Wiki iliyopita nikitoka Kilifi usiku, karibu na Gede, taa nyekundu ya betri iliwaka. Nimeweka betri mpya, na taa ingali inawaka. Halafu ile taa ya injini ya rangi ya chungwa ina wiki tatu sasa. Fundi aling'oa kichwa cha betri akakirudisha, ikazima, baada ya siku mbili ikarudi. Ijumaa nina safari ya Mombasa. Niende nayo? (Msomaji, Shella, Malindi)

JIBU: Kwa hali hiyo usiende nayo, ndugu yangu. Na pole kwa pesa ya betri, maana taa ile imewaponza wengi. Ina picha ya betri lakini shida yake mara nyingi si betri. Inachosema ni kwamba umeme hauingii kwenye betri, yaani alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kutoa umeme, haichaji. Hiyo betri mpya sasa ni mtungi unaotekwa bila kujazwa, nayo itakauka kama ya kwanza.

Zima injini, fungua boneti, utazame mkanda unaozungusha alternata. Kwenye injini ya Probox mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, maji hayazunguki tena na injini inachemka baada ya mwendo mfupi tu. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka barabarani, jicho la pili liende kwenye joto. Toyota ndogo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya kipimajoto tu, buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Ikiwaka nyekundu, egesha, zima, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka ipoe. Nimeona mikono iliyobabuka kwa haraka hiyo.

Lakini wewe ulitoka Gede mpaka nyumbani bila kuchemsha, kwa hiyo nadhani mkanda upo. Utazame kama umelegea au umepasukapasuka, kisha uhamie kwenye nyaya. Sisi wa pwani tunaishi na upepo wa chumvi, na chumvi inakula shaba na risasi pole pole. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, vifungue (hasi kwanza), visafishe kwa maji ya moto yenye magadi, vikaushe, uvikaze na kuvipaka grisi. Ufuate pia waya mnene unaotoka nyuma ya alternata, na ule wa ethi unaofungwa kwenye bodi.

Baada ya hapo ni kupima. Maltimita (kipimo cha umeme) ya bei rahisi inatosha. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, inatakiwa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 na kuendelea kushuka, alternata imelala. Hata hivyo usikubali kuuziwa alternata nzima kabla ya hiyo yako kufunguliwa. Mara nyingi zilizoisha ni kaboni tu, zile brashi ndogo za ndani yake. Na fundi yeyote akitaka kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, eti anaijaribu alternata, mzuie. Umeme huruka ghafla na unaweza kuunguza kompyuta ya gari. Mtindo huo ni wa magari ya zamani.

Taa ya chungwa sasa. Fundi wako hakutibu kitu, alifuta daftari. Kompyuta huandika namba ya hitilafu, na kung'oa betri huifuta pamoja na kumbukumbu ambazo zingetusaidia. Apeleke mashine ya kusomea kwenye tundu lililo chini ya usukani. Hata hiyo namba si jina la kipuri: P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, na chanzo kinaweza kuwa mpira mdogo uliopasuka. Rekebisha chaji kwanza, ndipo usome, kwa sababu kompyuta yenye njaa ya umeme hulalamikia hata vitu vizima. Taa hiyo ya chungwa ikiwaka bila kupepesa, gari linakwenda taratibu mpaka kwa fundi. Ikipepesa, injini inakosa moto. Petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio chake. Hapo punguza mwendo na usilibebeshe mzigo.

Hili hukuuliza, ila gari umenunua kwa mtu. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya betri, ya injini na ile ya kibirika cha oili zote ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Kibirika kisipowaka, ama balbu imekufa ama kuna aliyeificha kabla ya kukuuzia. Kibirika hupima msukumo wa oili, si kiasi chake, kwa hiyo kikiwaka ukiwa mwendoni, hata ukiwa katikati ya msitu wa Arabuko-Sokoke, jitoe barabarani na uzime injini hapohapo. Hakuna cha kusema nitafika mbele kidogo.

Alhamisi jioni washa taa kubwa na feni, upime tena. Ikibaki juu ya 13.5, na kibirika kinazima vizuri, nenda. Ikisoma 12, matatu za Mombasa zipo stendi.