Bili ya maji imepanda, mume anasema nauza maji

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nyumba ni ya mume wangu, sisi tuko mbele, na vyumba vya uani vina wapangaji watatu. Mita ya maji ni moja. Kila mwezi ankara inakuja elfu 23 au 24, tunagawana kwa vichwa, yanaisha. Mwezi huu imekuja 198,000. Nikadhani nimesoma vibaya, nikampa mwanangu wa darasa la sita, naye akasoma hivyohivyo. Wapangaji wamegoma. Mmoja ana bajaji, anaiosha kila asubuhi, basi wenzake wanamsema yeye. Mume wangu yuko Dodoma kwenye kazi za ujenzi. Nilipompigia akaniambia nauza maji kwa majirani kwa kuwa yeye hayupo, maana wifi yangu aliwahi kumwona jirani akitoka kwangu na ndoo. Ndoo moja, Shangazi, na siku hiyo walikuwa na msiba. Nimeshaongea na watu wa kausha damu wanipe laki mbili nilipe yaishe, friji iwe dhamana. Tangu aondoke Januari ananihesabia kila shilingi. Nifanye nini? Picha ya ankara nimeambatisha.
Mama Wawili, Tabata

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Friji iache palepale ilipo. Lile jina la kausha damu hawakupewa na maadui zao, walipewa na wateja. Na hata kama hizo laki mbili ungezipata kwa mama yako mzazi bila riba, bado ningekuzuia, kwa sababu unataka kulipa kimyakimya. Mumeo atakuja kujua tu, na siku atakayojua ataona umekiri. Halafu maji yatakuwa bado yanakwenda kulekule yanakokwenda, na mwisho wa mwezi simu italia tena na ankara nyingine.

Tuanze na picha uliyonitumia. Wengi wetu ankara tunasoma pesa, tunashika kichwa, basi. Angalia juu ya zile pesa, kuna usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Ukitoa mmoja kwa mwingine unapata uniti mlizotumia. Miezi ya nyuma mlikuwa mnatumia uniti 14. Mwezi huu zimeandikwa 118. Deni la nyuma silioni, kwa hiyo si malimbikizo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Zilizozidi kwenu ni uniti 104, ambazo ni madumu 5,200. Gawa kwa siku 30: madumu 173 kila siku inayokucha.

Sasa mwambie mumeo afikirie foleni ya madumu 173 mlangoni kwake, kila siku, Jumapili ikiwemo. Hapo Tabata? Mtaa mzima ungejua kabla ya wiki kwisha, na wifi yako asingeishia kuona ndoo moja, angekuwa na orodha ya majina. Na huyo kijana wa bajaji, tumjalie anamwaga madumu matatu kila asubuhi, ambayo ni mengi kwa bajaji. Kwa mwezi mzima ni lita 1,800. Uniti mbili hazifiki. Waliomsema wamwombe radhi.

Ila hesabu hiyohiyo inatuambia kitu kingine. Lita 104,000 ukizitandaza mwezi mzima ni kama lita 144 kwa saa, dumu saba, mchana na usiku. Watu hutumia maji kwa vipindi: alfajiri, jioni, siku ya kufua. Kinachotumia saa zote bila kulala ni tundu. Na halihitaji kuwa kubwa, hapo ni lita mbili na nusu hivi kwa dakika.

Nikuambie ninavyojua. Miaka ya nyuma ankara yangu iliruka namna hiyo, na mimi sikuwa na mume wa kunilaumu, basi nikatafuta wa kumlaumu. Nikampata dada wa kazi. Alikuwa anafua shuka kila siku kwa sababu mjukuu wangu alikuwa anakojoa kitandani. Nikaifunga koki ya uani kwa kufuli, nikawa namhesabia ndoo tatu kwa siku. Ankara iliyofuata ikaja ileile. Ndipo nikaita fundi bomba, mzee mmoja mpole, akaniuliza kama nina rangi ya biriani. Nikampa. Akamimina kidogo kwenye tangi la choo cha wageni, akasema mtu asiflashi, twendeni tukanywe chai. Tuliporudi, sinki la choo lilikuwa la njano kama sahani ya Ijumaa. Mpira wa ndani ya tangi ulikuwa umelika, maji yanateremka ukutani taratibu, bila sauti, wiki na wiki. Mpira wenyewe ulikuwa bei rahisi kuliko nauli ya fundi. Dada nilimwomba radhi, akasema "sawa, mama." Lakini hakunitania tena kama zamani.

Kwa hiyo usiku wa leo, kama maji ya bomba yapo, fanya hivi. Kwanza chukua ankara uende nayo kwenye mita. Linganisha namba ya mita iliyochongwa pale na iliyoandikwa kwenye ankara, maana inatokea nyumba mbili zilizounganishiwa siku moja mita zao zikapishana kwenye kumbukumbu, ukawa unalipia bustani ya mwenzio. Kisha soma. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni vipande vya uniti. Ukikuta nyeusi za kwenye mita ni ndogo kuliko "usomaji wa sasa" ulioandikwa kwenye ankara, basi kuna aliyesoma vibaya au aliyekadiria, na habari ya tundu inaishia hapo. Piga picha, asubuhi uwe ofisini kwao. Waombe pia usomaji wenu wa mwaka mzima. Kuna nyumba ambazo msoma mita hukuta geti limefungwa au mbwa amefunguliwa, anakadiria miezi kadhaa, na siku akiisoma kwelikweli tofauti yote inaangukia mwezi mmoja.

Namba ya mita ikilingana, na usomaji wa mita usiwe mdogo kuliko wa ankara, subiri saa nne usiku. Simtanki liwe limejaa. Waombe wapangaji wote wateke ndoo zao za usiku mapema, halafu koki zote zifungwe. Hapo nataka uwaite: wa bajaji ashike tochi, mwingine asome, mwingine aandike, na wifi yako naye aalikwe, umpe kiti. Mwandike tarakimu zote pamoja na zile nyekundu, mpige picha, mkalale. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajaosha hata uso, someni tena. Ikiwa imesogea, maji yanavuja upande wenu, na wote mmeona kwa macho yenu. Usifanye jaribio hili saa ambayo maji ndiyo yanarudi baada ya mgao, kwa sababu hewa iliyojaa kwenye bomba nayo huizungusha mita na itawachanganya.

Kulitafuta tundu si kazi ya siku nyingi. Ifunge koki kubwa inayoingiza maji nyumbani, mrudi kwenye mita. Ikisimama, tatizo liko ndani: vyoo, na dawa yake ni rangi ya biriani, au boya la simtanki ambalo halikati, tangi linajaa na kumwagika usiku wakati mmelala. Panda uangalie ukutani chini ya lile bomba la kumwagia. Kama pana ukungu wa kijani na chini yake migomba imenawiri wakati ya jirani imekauka, umepata jibu. Mita ikiendelea kuzunguka na koki kubwa imefungwa, basi ni bomba lililolala ardhini kati ya mita na nyumba. Wewe una vyumba vya uani, na mabomba ya uani aghalabu yalitandikwa baadaye, kina kifupi, na watu wanapita juu yake na bajaji. Ningekuwa mimi ningeanza kuchimba hapo, penye udongo usiokauka.

Kinachovuja baada ya mita ni chenu kukitengeneza, kabla ya mita ni cha mamlaka ya maji. Kwa hiyo uniti zilizopita kwenye mita mtadaiwa hata kama ziliishia ardhini. Inauma. Nenda na risiti ya fundi na picha za tundu, andika barua, waombe wakuangalizie na wakukubalie ulipe kwa awamu. Wakati huohuo lipa ile elfu 24 yako ya kila mwezi, waone hukimbii. Na kama mita haikusogea usiku kucha na namba zote zinalingana, omba kwa maandishi mita yenyewe ipimwe. Ukizungushwa, malalamiko yanapelekwa EWURA, ambao ndio wanaozidhibiti mamlaka za maji, lakini hao watakuuliza kwanza umelalamika wapi na ulijibiwa nini, hivyo kila barua ibaki na nakala yenye mhuri.

Atakuja pia kijana atakayekuambia ana namna ya kuipunguza hiyo mita kasi kwa bei ya soda. Hao ni vishoka. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na siku ya ukaguzi kishoka hayupo, upo wewe.

Kuhusu wapangaji wako, hapa hutanipenda, lakini wana haki. Bomba bovu ni la mwenye nyumba. Wao walipe kile walichozoea kulipa, na zilizozidi ni zenu wewe na mumeo. Baadaye mkipata nafuu, fungeni mita ndogo kwa kila chumba, haya mambo ya kugawana kwa vichwa yanagombanisha watu bure.

Nimemwacha mumeo wa mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekufanya uniandikie, bili imekupa tu pa kuanzia. Umeandika mistari mingi kuhusu maji na mmoja tu kuhusu yeye, ule wa kukuhesabia kila shilingi tangu Januari. Nimeusoma mara tatu. Usibishane naye kwa simu. Mtumie picha ya saa nne na picha ya saa kumi na moja, bila neno hata moja, mwache aelewe mwenyewe. Yeye ni mtu wa ujenzi, anajua bomba likoje. Asipojibu siku nzima, mwache.

Akishapoa na tundu likishazibwa, ndipo umwambie, na umwambie akiwa nyumbani, watoto wamelala: uliniita mwizi kwa ndoo ya msibani. Umwache ajibu. Mtu aliye mbali na kwake ana hofu zake, pesa anatuma na haoni inakoishia, hilo nalielewa. Daftari moja la matumizi, analiona kila mwisho wa wiki kwa picha, linaweza kumtuliza. Lakini kama daftari lipo, mita imesema, fundi amesema, na bado wewe ni mwizi, hapo hatuzungumzii hofu tena. Hapo uwaite mshenga wenu na mkubwa mmoja wa upande wake mwenye busara, si wifi.

Niandikie ulichosoma saa nne na ulichosoma alfajiri. Zile nyekundu usiziache.