Jibu: Mtoto afungiwa ndani mchana kutwa, kila ofisi yanirusha kwa nyingine

Dada uliyeuliza, umesema hapo mtaani kwenu Mishomoroni, Mombasa, kuna mtoto wa miaka mitatu anayefungiwa chumbani tangu mamake aondoke alfajiri kwenda kibaruani hadi arudi magharibi, na kwamba amekonda mno. Mzee wa mtaa alikutuma kwa chifu, chifu akakutuma polisi, polisi wakasema hilo ni la ofisi ya watoto, na huko ukaambiwa urudi na barua ya chifu. Ukauliza kazi hii hasa ni ya nani. Wengi hapo juu wamekujibu "piga 116" wakaishia hapo. Hiyo ni simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure na hujibiwa usiku na mchana, ipige. Lakini ukishaikata bado kuna kazi, na ndiyo nitakayoieleza.

Mwenye faili la mtoto huyo ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, nanyi mko Kisauni. Afisa huyu ni wa Idara ya Huduma za Watoto, yaani serikali ya kitaifa, sawa na polisi, chifu na afisa wa probesheni. Muuguzi wa chanjo, mhamasishaji wa afya ya jamii (wale wengi bado twawaita CHV) na mwalimu wa chekechea ya umma wako chini ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizipa kaunti afya ya msingi, elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto. Basi wanaomwona mtoto kila siku wana mkubwa wao, na wenye mamlaka ya kumwondoa hatarini wana wao. Hakuna karatasi inayovuka kutoka upande huu hadi ule kwa miguu yake. Kesi nyingi hufia hapo, kwenye kupokezana, wala si kwa uhaba wa sheria.

Kwa hiyo usitoke ofisi yoyote bila vitu vitatu: namba (ya OB, yaani daftari la matukio la polisi, ya faili au ya simu uliyopiga 116), jina na cheo cha aliyekupokea, na tarehe ya kurudi. "Nenda tu, utawakuta" si rufaa. Rufaa ni karatasi yenye jina la anayetuma, anayetumiwa na sababu, na chini ina kipande cha kukatwa ambacho hurudishwa kwa aliyetuma kikiwa na muhuri kwamba mtoto amefika. Kipande hicho ndicho kinachopotea kila mara, na kikipotea kila upande huamini mwenzake anashughulika.

Sasa huyo mtoto uliyemtaja. Akiwa hatarini sasa hivi, umesikia analia bila kunyamaza, umeona moshi, au usiku umeingia na mama hajarudi, hapo ni polisi, saa yoyote. Usivunje kufuli peke yako; shika mzee wa mtaa na mtu wa Nyumba Kumi (ulinzi wa ujirani) muwe mashahidi. Mtoto aliyefungiwa kwa nje katika chumba chenye jiko na waya za stima hawezi kutoka moto ukizuka, na hiyo peke yake yatosha kuandikwa OB.

Kama si dharura ya dakika hiyo, mwanzo mzuri ni mhamasishaji wa afya ya jamii, kwa sababu huyu hubisha hodi nyumba zote. Mmoja huwa na nyumba kama mia, na mama hatahisi ameshtakiwa akimwona. Ana utepe wa kupimia mkono, ule wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, hupimwa katikati ya mkono wa kushoto wa juu, ukiwa umelegea: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, 11.5 hadi 12.4 ni manjano, 12.5 kwenda juu ni kijani. Kisha abonyeze migongo ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo hata kama utepe unasoma kijani, na mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watu hudanganywa sana na mtoto aliyevimba, huonekana kanenepa.

Kipimo hicho kikiandikwa, umepata karatasi ya kwanza ambayo hakuna ofisi itakayoikataa. "Mtoto amekonda" ni maneno ya jirani, "mkono sentimita 11.2, tarehe fulani" ni taarifa.

Mhamasishaji aombe pia kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki. Watu hukitazama kwa chanjo tu, kumbe kinasema mengi. Angalia surua ya miezi 9 na ya miezi 18, vitamini A ya kila miezi sita, na mstari wa uzani. Pale kurasa zinapoacha kujazwa, uliza nyumba hiyo ilipata nini mwezi ule: baba aliondoka, mama alipata kazi ya zamu, au mtoto alihamishiwa kwa nyanya. Mara nyingi utakuta palipovunjika pako hapo.

Sasa tofautisha umaskini na kutelekezwa, maana ndipo majirani huharibu. Mama anayefunga mlango kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto anahitaji mahali pa kumwacha. Mkimletea askari kwanza, atahama usiku, na mtoto atafungiwa kwingine msikojua. Ndiyo maana afisa wa watoto mzuri atauliza kuhusu kituo cha kulelea watoto kabla ya kuuliza kuhusu mahakama.

Na vituo vyenyewe vikaguliwe. Maeneo ya Kongowea, Bangladesh au Majengo utavikuta vyumba vya mtu mmoja na watoto kumi na kitu. Kitu cha kwanza ninachokitazama ni daftari la mapokezi. Liwe na safu hizi: jina la mtoto, saa aliyoletwa, aliyemleta, alama yoyote mwilini alipoingia, alichokula, saa aliyochukuliwa, aliyemchukua na sahihi yake. Safu ya alama mwilini humlinda mtoto, na humlinda mlezi pia: jeraha la asubuhi halitasemwa ni lake jioni. Anayeruhusiwa kumchukua mtoto aandikwe siku ya kwanza, na akija mwingine mzazi apigiwe simu kwa namba iliyo daftarini, si ile anayoitoa aliyekuja.

Kuhusu alama mwilini, walimu wa chekechea na walezi wajue haya. Mtoto anayekimbia hujikwaruza magoti, viwiko, paji la uso. Chubuko kwenye sikio, shingo, tumbo au mgongo lataka maelezo. Mtoto mchanga ambaye hata kutambaa bado, chubuko lolote ni la kupelekwa hospitali. Kuungua kwa maji moto kwenye mpaka ulionyooka kama soksi au glavu ni dalili kuwa mguu au mkono ulizamishwa, maana maji yaliyomwagika hurusha matone huku na huku. Ila kuna baka la samawati la kuzaliwa, kiunoni au matakoni, ambalo watoto wetu wengi huwa nalo, na watu wamewahi kulishtakia. Baka halibadili rangi kwa siku chache kama chubuko. Tazama kijitabu cha kliniki, huenda liliandikwa tangu kuzaliwa.

Ikiwa jambo ni unajisi, yaani mtoto ameingiliwa kingono, mpangilio wote hubadilika: hospitali kwanza. Usingoje OB wala barua ya mtu yeyote. Dawa ya kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na hutumiwa siku 28. Kwa mtoto kipimo hutolewa kwa uzani. Msimwogeshe. Nguo alizokuwa nazo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu ukifungiwa huozesha ushahidi. Ziwe na unyevu, zianikwe kivulini kwanza. Hospitali hujaza fomu ya PRC (ya huduma baada ya ubakaji) kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja ya familia, moja hubaki hospitali. Nakala yenu msimpe mtu mkabaki mikono mitupu. Pigeni picha na kuiweka. P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa kidaktari, hutolewa na polisi, hujazwa na daktari au afisa wa kliniki, nayo hurudi polisi. Ni bure, ukiombwa pesa, omba risiti uone mambo yatakavyobadilika.

Kesi hizi mara nyingi huanguka kwa jambo dogo: umri. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, adhabu hutegemea umri wa mtoto. Wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Umri usipothibitishwa, kesi hulegea. Cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema. Kisipokuwepo, kijitabu cha kliniki, na la sivyo daktari afanye tathmini ya umri kwa meno. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia naibu chifu, na ikizidi miezi sita huwa ni uandikishaji wa kuchelewa wenye masharti zaidi. Ndipo naibu chifu anapofaa kweli, kuliko kuandika barua.

Jambo la pili linaloharibu ni kumhoji mtoto kila mahali. Mama, mwalimu, mzee wa mtaa, polisi, daktari, wote humuuliza, na mara ya tano hujibu anachodhani mtaka jibu anakitaka. Aliyeambiwa kwanza aandike maneno ya mtoto yaleyale, hata kama ni ya Kigiriama au Kidigo au jina la utani la kiungo cha mwili, bila kuyasafisha, aandike na saa, kisha asiulize tena. Swali likibidi, liwe "Enhe, kisha?" na si "Mjomba ndiye aliyefanya?" Kwa sheria yetu ya ushahidi, mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa ya kingono ikiridhika anasema kweli na ikaandika sababu. Kwa hiyo maneno hayo yatunzwe.

Na maslaha, yaani kuyamaliza kienyeji nje ya mahakama. Wazee watakaa barazani, itatajwa pesa, itatajwa heshima ya ukoo. Kesi ya unajisi ni ya Jamhuri, si ya baba wala mjomba, na familia haina uwezo wa kuifuta. Wazee wenye nia njema waelezwe wanachoweza kufanya: kuhakikisha shahidi anapata nauli ya kufika mahakamani, na kwamba mshukiwa hakai tena nyumba moja na mtoto.

Turudi kwa ofisi zetu. Kamati za ushauri za watoto, ambazo Sheria ya Watoto ya 2022 inazitambua badala ya mabaraza ya ushauri ya sheria ya 2001, huketi kupanga mambo ya eneo zima. Kwa mtoto mmoja kinachotakiwa ni kikao cha kesi. Kiitwe na afisa wa watoto. Wawepo muuguzi au mhamasishaji, mwalimu, polisi wa dawati la jinsia na watoto, chifu au msaidizi wake, na jamaa mmoja anayeaminika. Wakizidi saba siri imetoka. Yaulizwe manne tu: kipi tumekiona kwa macho, tunaogopa nini kitatokea wiki hii, jamaa wana nguvu gani, na nani atafanya nini kufikia tarehe gani. Kila kazi iwe na jina la mtu. "Ofisi ya afya itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia.

Ikiwa lazima mtoto aondolewe, makao ya watoto ni hatua ya mwisho, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unasukuma kwenye familia: jamaa kwanza, kisha familia ya kumlea kwa muda, na kwa Waislamu kafala (kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu), ambayo sheria ya 2022 sasa inaitambua. Kafala haimbadilishi mtoto ubini wake, ila nayo hupitia sheria. Kupeana mtoto msikitini kwa mdomo hakutoshi. Amri za malezi hutoka mahakamani, na kwa upande wa Mombasa mashauri mengi ya watoto huenda Tononoka.

Mawili ya mwisho. Picha ya mtoto isiingie kundi la WhatsApp la mtaa, hata mkiwa mwatafuta msaada. Ikishasambaa hairudi, na mshukiwa naye yumo kundini. Pia, familia ikihama, uliza ni wapi. Mtwapa ni Kilifi, Ukunda ni Kwale. Mtoto akivuka daraja au feri, faili lake hubaki Mombasa hadi afisa wa huku amwandikie wa kule. Mpe afisa wako jina la mtaa mpya na shule au zahanati iliyo karibu, na omba uonyeshwe tarehe ya barua ya kuhamisha faili. Hutaki jina lako litajwe? Sema hivyo 116 mwanzoni mwa simu, kabla ya kuanza kueleza.