Maswali yenu: Kliniki ya shule na akili ya mtoto

Maswali yamejaa na nusu yake yanauliza kitu kilekile, kwa hiyo nachukua machache.

"Mtoto wa darasa la sita ana mawazo gani? Kodi halipi, ada halipi."

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Jamani acheni.

"Mwanangu anaumwa tumbo kila Jumatatu, vipimo visafi. Anadeka?"

Hadeki, tumbo linamuuma kweli. Mtoto hana maneno ya kusema nina hofu, mwili ndio unasema, mara tumbo mara kichwa, usingizi unakata, au hasira zisizoeleweka mpaka mnasema kaharibika tabia. Jumamosi anacheza vizuri tu, Jumapili jioni kimya, sahani anaisukuma. Hapo kliniki ya shule ina faida ambayo hospitali haina, mnasihi, yaani mshauri wa wanafunzi, anaweza kujua ni kipindi gani kinamtoa darasani, anakaa na nani, nani kamhamisha dawati. Mpeleke. Ila akianza kutapika au kupungua uzito, rudi kwa daktari.

"Mnasihi wa shule kagoma kuniambia anachoongea na binti yangu. Kwani mimi si mama yake?"

Ni mama yake, na kuna mambo lazima ayatoe: mtoto akitaka kujidhuru au kumdhuru mwenzake, au kama kuna mtu anamfanyia ukatili, hapo siri inavunjwa. Mengine mwachie. Siku binti akigundua alichosema saa nne asubuhi kimefika nyumbani kabla yake hatarudi pale tena, na wewe pia hatakwambia kitu. Na tafadhali dada yangu usimvizie getini na "haya, mmeongea nini leo". Muulize mnasihi, mimi huku nyumbani nisaidie vipi? Hilo atakujibu vizuri tu.

"Nikimuuliza kama anawaza kujiua si ndio nampa wazo?"

Hapana. Muulize waziwazi, leo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zilizo karibu, na usingoje shule ifunguliwe, hospitali usiku huohuo.

"Shuleni kwetu mwalimu wa nidhamu ndiye mshauri pia. Inatosha?"

Haitoshi, na inaharibu. Niliwahi kufika shule moja benchi la kusubiri ushauri ndilo lilelile la waliochelewa, limeangalia uwanja wa mstari, yaani shule nzima inakuona umekaa pale, nani ataenda? Mtu aliyekuandika kwenye daftari la makosa asubuhi humfungulii moyo mchana. Wazazi kwenye kikao daini mtu aliyesomea kazi hii, hata akija siku mbili kwa wiki, na akae upande wa nesi, aliyechubuka goti na mwenye huzuni wapite mlango mmoja, asijue mtu nani kafuata nini. Alafu muulizeni mapema, likizo watoto watamwona nani? Nimeona mtoto ameanza kupata nafuu, anakula, anacheka, shule ikafungwa, hakuna simu, hakuna rufaa, akarudi amezidi kuliko alivyoanza.