Usitupe sponji kuukuu

SWALI: Shikamoo mzee. Nina tangi la samaki sebuleni, urefu wake sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Nililinunua likiwa na chujio lake dogo la ndani. Nimeweka samaki wa dhahabu wawili na gapi wanane. Kila Jumamosi naosha sponji ya chujio bombani kwa sabuni kidogo, lakini baada ya siku mbili tatu maji yanakuwa meupe kama yametiwa tui. Muuzaji ananishauri nichukue chujio la lita 1,000 kwa saa na hili la zamani nilitupe. Nimsikilize?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo muuzaji mwache kwanza, tuanze na hiyo sabuni. Acha leo hii.

Sponji yako si kitambaa cha kudeki. Ndani ya vile vitundu vyake wanaishi bakteria ambao ndio chujio lenyewe. Pampu kazi yake ni kuwapelekea maji tu. Samaki wanatoa amonia kwa kinyesi na kwa kupumua, na amonia inaunguza matamvua yao. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine linaigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Ukisugua kwa sabuni umewaua wote. Hata bila sabuni, klorini ya maji ya bomba imewekwa humo kuua vijidudu, na haibagui. Kwa hiyo kila Jumamosi tangi lako linaanza upya kama la jana dukani, na huo weupe ni bakteria wengine wanaofumka ndani ya maji kwa kuwa chakula kimewajalia tele.

Nalijua hili kwa maumivu. Zamani nilikuwa na tangi la lita 80 na samaki wa neoni ishirini. Mkesha wa Idi nikataka wageni wakute linang'aa, nikaikamua sponji chini ya bomba mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Nilijipongeza kabisa. Siku ya tatu samaki wote wako juu, midomo inafunguka na kufumba usoni pa maji. Wiki ilipoisha walibaki saba. Wageni walikuwa wamekwishaondoka, na pilau ilikuwa imekwisha.

Sponji inaoshwa hivi: chota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, itumbukize humo, iminye mara tatu nne, basi. Maji yatakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Inuse. Sponji iliyo hai ina harufu ya udongo uliopigwa na mvua. Ikinuka yai viza, imekufa. Ikirudi tangini ikiwa bado na rangi ya kahawia usijali, hiyo ndiyo mali yako. Na si kila wiki: osha pale maji yanapoanza kutoka kwa unyonge.

Sasa hesabu. Sitini mara thelathini mara thelathini, gawanya kwa 1,000, unapata lita 54. Toa changarawe na nafasi ya juu, maji yako ni kama lita 45. Tangi dogo linatosheka maji yakipita kwenye chujio mara nne mpaka sita kwa saa, kwa hiyo unahitaji lita 180 mpaka 270. Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji wala uchafu, kwa hiyo nunua lililoandikwa 400 hivi. La 1,000 litayazungusha maji yako zaidi ya mara ishirini kwa saa. Gapi dume na ule mkia wake kama khanga kwenye upepo atahangaika siku nzima kushika kona.

Mimi ningechukua la kuning'inia nyuma ya kioo, lenye kisanduku cha kutosha sponji nene na kidude cha kupunguza kasi. Yale yanayokuja na kikatriji cha mkaa, boksi linakwambia utupe kila mwezi ununue kingine. Hiyo ni biashara yao. Weka sponji mahali pake.

La zamani usilitupe. Liache lifanye kazi pamoja na jipya kwa wiki nne mpaka sita, bakteria wahamie taratibu. Kama nafasi hakuna, toa sponji ya zamani uisukumize ndani ya kisanduku kipya, hata kwa kuikata.

Na kuna jambo hukuuliza. Samaki wa dhahabu hukua mpaka kupita sentimita 15, wanachafua kuliko ukubwa wao, na wanapenda maji ya baridi. Joto la Dar linapunguza hewa kwenye maji: kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba miligramu 9 hivi za oksijeni, kwenye 28 inashuka chini ya 8. Lita 45 haziwatoshi wawili. Watafutie mwenye bwawa, gapi wabaki. Hapo hata chujio ulilonalo linaweza kukutosha, na pesa yako ikabaki mfukoni.

SWALI: Kila umeme ukikatika nakuta maji sakafuni na pampu ya hewa imelowa. Kwa nini?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Pampu umeiweka chini ya usawa wa maji. Ikizima, maji yanarudi kwenye mpira yenyewe, kama mtu anavyonyonya petroli kwenye tangi la gari. Ipandishe juu ya kabati, au katikati ya mpira weka kile kivali kidogo cha kuzuia maji kurudi. Kina upande wake: ukikipachika kinyume hakitoi hata povu moja.

Umeme ukikatika usiwalishe. Na kama una chujio la kopo lililofungwa, likikaa saa nyingi bila umeme bakteria wa ndani wanakosa hewa na kuoza. Lifungue, ulimwage na kulisuuza kwa maji ya tangi kabla hujaliwasha, la sivyo uozo wote unaingia kwa samaki.

SWALI: Vitoto vya gapi vinanyonywa na chujio. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Vika mdomo wa bomba la chujio kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, funga na mpira wa kubania noti. Isuuze ikianza kuziba, utaona maji yamepungua nguvu. Soksi iwe mpya, mwanangu, si iliyovuliwa miguuni jana.