Gari la Kufunua Paa Kwenye Hewa ya Chumvi: Maswali na Majibu Kutoka Tanga

Barua za safari hii karibu zote zimehusu gari moja: Mazda Roadster ya viti viwili, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5. Kwa asiyelijua, toleo la kwanza, NA, lilianza kuuzwa 1989. Likafuata NB 1998, NC 2005 na ND 2015. Herufi hizo zishike kichwani, maana dukani na kwa fundi ndizo utakazoulizwa.

Kuna NB ya 2001 inauzwa hapa mjini kwa bei nzuri. Niende kuikagua na fundi injini au fundi bodi? – Raskazone

Fundi bodi. Injini ya gari hili ni ngumu na haina siri nyingi. Tatizo lake liko chini. Gari la kawaida linashikiliwa pia na paa la chuma. Hili halina, kwa hiyo nguvu yote imebebwa na sakafu na vizingiti vya milango. Kutu ikishaingia hapo, unanunua injini nzuri iliyofungwa kwenye kopo bovu. Na Tanga haimwonei huruma chuma: gari lililolala nje miaka mitano pwani hupata kutu kuliko lililolala Korogwe.

Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Ipitishe kwenye kizingiti, kuanzia katikati ya mlango hadi mbele ya tairi la nyuma. Isiponasa, hapo pana puti chini ya rangi. Kisha gonga sehemu hiyohiyo kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya karatasi. Lala chini utazame nguzo mbili ndefu zinazopita chini ya injini kwenda mbele. Kwenye NB nguzo hizo zina ngozi mbili, na kutu huanzia ndani, kwa hiyo ukiona uvimbe mdogo nje, ndani kumeshaliwa.

Halafu piga jeki upande mmoja, sehemu ya jeki ya mbele, mpaka tairi linyanyuke. Fungua na ufunge mlango wa upande huo. Ukifunga vilevile kama gari lilipokuwa chini, bodi ina nguvu. Ukikwaruza au kugoma, shukuru uende zako.

Mwisho inua kapeti nyuma ya viti na uinuse. Gari lililopuliziwa manukato mpaka macho yanawasha lina jambo linalofichwa, na mara nyingi ni uvundo wa maji.

Karatasi usizipuuze: kadi halisi ya gari, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma nyuma ya injini ifanane na ya kwenye kadi (NB6C ni ya injini ya lita 1.6, NB8C ni ya lita 1.8), na namba ya usajili uiangalie kwenye mfumo wa polisi wa faini kabla hujatoa hata shilingi.

Nikiagiza mwenyewe Japani, mbona wanasema kodi inalingana na bei ya gari? – Ngamiani

Kwa sababu gari lenyewe ni la zamani. Chukua gari la 1.8 lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandarini ni Sh 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Sasa msingi umekuwa 12,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni asilimia 5, sawa na 625,000. Ule wa uchakavu ni asilimia 30, sawa na 3,750,000. Juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18, yaani 3,037,500. Umeshafika 9,912,500, na tozo ndogondogo bado. Gari la miaka 8 hadi 10 linatozwa uchakavu wa asilimia 15 tu, ndiyo maana wengine huona afadhali kuagiza toleo jipya kidogo. Kumbuka pia TRA hutumia thamani yao, si ya ankara yako. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, kitumie kabla ya kutuma pesa kwa sababu viwango hubadilika na bajeti.

Karatasi ya mnada omba uione. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye maandishi ya pembeni tafuta neno サビ, linasomwa sabi: ni kutu. Magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari la namna hiyo ukilileta Tanga utakuwa umelitoa kwenye chumvi moja ukalitia kwenye nyingine.

Paa langu halivuji hata tone, lakini kila baada ya mvua sakafu imejaa maji. Yanapita wapi? – Muheza

Hili ndilo swali la maana kuliko yote ya safari hii, na masika yanalileta kila mwaka.

Paa la turubai halizuii maji yote, wala halikuundwa hivyo. Yanayopita ukingoni hudondokea kwenye mfereji wa mpira uliozunguka nyuma ya viti, yanakwenda pembeni, yanaingia kwenye tundu lililo nyuma ya mkanda wa kiti, kila upande moja, kisha yanashuka kwa paipu na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Njia hiyo ikizibwa na majani ya mwarobaini, vumbi na nyuzi za turubai, maji hayana pa kwenda ila ndani ya kizingiti na kwenye kapeti. Kizingiti unachokipigia sumaku kwenye swali la kwanza huozea hapa.

Pima hivi. Gari likiwa pakavu, mimina nusu lita ya maji taratibu pale paa linapokutana na bodi, nyuma ya mlango. Mtu mwingine achuchumae aangalie mbele ya tairi la nyuma. Maji yanatakiwa yaanze kudondoka mara moja na kuisha ndani ya muda mfupi. Yakidondoka tone tone, pameziba.

Kuzibua, tumia uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, takribani mita moja, ncha yake uiyeyushe kwa kiberiti iwe butu. Shusha paa nusu, tafuta tundu kwa kidole, uzungushe uzi taratibu ukisukuma. Usitumie waya wa chuma! Ukitoboa paipu, maji yatamwagikia ndani ya kizingiti daima dumu na hutayaona. Usipige upepo wa kompresa kutoka juu pia, unaweza kuchomoa paipu kwenye kiungo chake. Kwenye NC kuna kichujio kidogo juu ya tundu. Kitoe kwa mkono, kioshe, kirudishe.

Ukishazibua, toa kapeti lote nje. Sponji iliyo chini yake hunywa maji mengi na haikauki ikiwa ndani ya gari, hata kwa jua la Tanga. Siku mbili juani, sakafu ipakwe rangi ya kuzuia kutu palipochubuka, ndipo urudishe. Rudia kuzibua mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Na mafundi wanaopulizia oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu waambie hapana. Oili inakula bushi za mpira, na bushi za gari hili si rahisi kuzipata. Maji baridi ya bomba chini ya gari kila wiki yanasaidia zaidi.

Kioo cha plastiki cha nyuma kimekuwa cha njano na kimepasuka. Kuna fundi wa kushona au ninunue paa zima? – Chumbageni

Hiyo ni NA. NB ilikuja na kioo halisi. Kama turubai lenyewe bado zima, fundi wa viti vya magari anaweza. Mpe plastiki angavu isiyopungua nusu milimita, na kile cha zamani kiwe kipimo. Mshono ufuate matundu yaleyale, kwa maana ukitoboa mstari mpya pembeni ya ule wa zamani turubai litachanika kama stempu. Uzi uwe wa poliesta, kama wanaoshonea matanga ya mashua. Wa pamba utaoza.

Kilichokipasua huenda ni kukunja paa bila kufungua zipu ya kioo kwanza. Fungua zipu, laza kioo chali, tandika taulo juu yake, ndipo ushushe paa. Zipu ikigoma isugue kwa mshumaa. Na paa bichi usilikunje ukaliacha hivyo, litaota ukungu kwa siku mbili.

Asubuhi gia haziingii mpaka nipige pedeli ya klachi mara tatu nne. Klachi imekwisha? – Pangani

Klachi iliyokwisha huteleza: injini inapanda, gari haliendi. Yako ni masta, yaani pampu ya majimaji inayosukuma klachi, na kwenye NA na NB nane kwa kumi ni ile ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi. Ingia chini, vuta kifuniko chake cha mpira. Ukikuta majimaji ndani, jibu umelipata. Majimaji ya breki hufyonza unyevu wa hewa, unyevu unatia kutu ndani ya masta, kutu inakwaruza mpira, na mpira unavujisha. Pwani hilo huja mapema.

Badilisha masta nzima badala ya mpira peke yake, na ile ya juu ikaguliwe siku hiyohiyo. Shinikizo jipya kutoka chini mara nyingi huimalizia iliyochoka. Nusu lita ya majimaji ya breki ya DOT 4 inatosha. Kutoa upepo: mmoja akanyage mara tatu na kushikilia chini, mwingine alegeze nipo (boliti ndogo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini), upepo utoke, aikaze, ndipo pedeli iachiwe. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja.

Nimeshanunua. Nianze na nini kabla sijaanza kutamba? – Makorora

Mkanda wa taimingi, isipokuwa kama ni NC au ND, ambazo hutumia cheni. Kwa NA na NB hubadilishwa kila kilomita 100,000, na usiamini stika wala maneno ya muuzaji. Ukiufungua, badilisha pamoja na pampu ya maji, rola na sili za mbele, kwa kuwa kazi ya kufikia huko ni ileile. Injini zake, B6 ya 1.6 na BP ya 1.8, zilifungwa pia kwenye Mazda Familia, kwa hiyo Kariakoo usiulizie Roadster tu. Ulizia kwa jina la injini.

Tazama kichwa cha plastiki cha rejeta. Cheusi ni kizima. Kikishageuka rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, kinakaribia kupasuka, na hakitakupigia hodi.

Oili ya injini ni takribani lita 4. Ya gia ni kama lita 2 za 75W-90, iwe GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 hushambulia pete za shaba za gia. Fundi afungue boliti ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ile ya kujazia ikigoma baada ya oili kumwagika, gari linalala gereji.

Kwenye NA na NB betri iko kwenye buti, na ya asili ina vipaipu vya kutolea hewa nje. Wengi huweka ya kawaida bila vipaipu, mvuke wa asidi unakula chuma cha buti. Kama buti linanuka mayai viza, anzia hapo.

Gari linaruka sana barabarani. Niweke springi fupi ligande chini? – Sahare

Kwa matuta ya kwetu? Hapana. Kwanza pima upepo. Gari hili jepesi hutaka psi 26 kwenye NA na NB, na vijana wa kujaza upepo humpa kila mtu 35.

Kwa nini msiwaambie watu wanunue Toyota MR-S, spea zipo kila kona? – Mikanjuni

Hoja nzuri. MR-S (1999 hadi 2007) ina injini ya 1ZZ-FE, ileile ya Allion na Premio za 1.8 za toleo la kwanza, na fundi yeyote wa Tanga anaijua. Ila za mpaka 2002 zina ugonjwa: kichujio cha kwanza cha moshi husagika, vumbi lake linarudi ndani ya silinda, na injini inaanza kula oili. Vuta kijiti cha oili, na umwambie muuzaji aliwashe likiwa la baridi. Moshi wa bluu unakutosha. Injini iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, hivyo paipu za maji ni ndefu. Fundi asiyetoa upepo vizuri ataliunguza. Gia za SMT, zile zisizo na pedeli ya klachi, ziache.

Tunaweza kukaa watatu tukibanana? – Pongwe

Hapana. Mikanda ni miwili.

Tunataka kwenda Lushoto paa likiwa wazi. Mnashauri nini? – Chumbageni

Ondokeni Tanga saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia saa tano hadi saa tisa jua la utosini halina raha yoyote. Kofia iwe ya kubana, si kapelo, na vioo vya milango viwe juu, upepo wa nyuma utapungua nusu.

Kutoka Mombo kupanda ni takribani kilomita 33 za kona, na kwenye kona hizo ndipo gari hili linaonyesha liliundwa kwa kazi gani. Gia ya pili na ya tatu, usukani mwepesi, harufu ya mikaratusi na maji ya mto yakisikika upande mmoja, vitu ambavyo ndani ya gari la kawaida hupita bila wewe kujua. Kushuka tumieni gia zilezile mlizopandia. Anayeshuka kwa breki peke yake atafika Mombo pedeli imekuwa laini kama sponji.

Ukungu ukiwakuta Soni, simameni pembeni ndipo mfunge paa. Kwenye NA na NB shika komeo zote mbili, vuta paa mpaka liguse fremu ya kioo, funga upande wa dereva kwanza halafu wa abiria. Likigoma, usilazimishe: shusha kidogo, angalia kama mkanda wa kiti haujabanwa nyuma, kisha jaribu tena.