Usimtie bundi maziwa mdomoni. Mimi nilimuua wangu hivyo hivyo

Mdogo wangu, weka chini hilo bomba la sindano kwanza, halafu usome. Umeeleza kwamba umehamia kijijini Rungwe tangu mwezi wa pili, kwamba unatafuta sehemu za kutembelea na kurudi siku hiyo hiyo, kwamba ungependa kujitolea kusaidia wanyamapori waliojeruhiwa, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kuwa tangu jana usiku una bundi jikoni ambaye bawa lake linaning'inia, nawe unamnywesha maziwa ya uvuguvugu kila baada ya saa mbili kwa sababu "anafumbua mdomo kuomba". Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na mikono imenitetemeka, maana niliwahi kuisema mwenyewe, kwa maneno yale yale.

Haombi chakula. Bundi mkubwa anayefumbua mdomo mbele yako, akapuliza kama nyoka na kugonganisha midomo hadi ikasikika "tak, tak", anakutisha. Anakuona wewe ni mnyama mkubwa aliyekuja kummaliza, na kwa kuwa hawezi kuruka, silaha zilizobaki ni sauti, mdomo na kucha. Kifaranga kiotani hufumbua mdomo kwa mzazi wake anapotaka kulishwa. Bundi mzima hamwombi binadamu kitu chochote. Mimi sikulijua hilo, na kila alipofumbua mdomo nilishukuru kwamba ameniamini.

Wangu nilimkuta mwezi wa sita, ule wakati ambao baridi ya huku milimani inaingia hadi ndani ya blanketi, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, saa tatu usiku. Nadhani aligongwa na lori, kwa sababu malori ya kwenda mpakani Kasumulu hupita pale usiku kucha na panya hutoka kuokota mahindi yanayomwagika. Alikuwa bundi wa uso mweupe wenye umbo la moyo, yule anayekaa kwenye mapagale na darini. Nilimfunika kwa koti nikamleta nyumbani. Mama jirani alipomwona alinisihi nisimwingize ndani, akisema ndege huyo haleti ujumbe wa heri, nami kwa ubishi nikamweka jikoni karibu na moto na kuanza kumchungulia kila dakika kumi.

Kulipokucha nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza ni ndege wa aina gani, hakuuliza anapumuaje, hakusema "sijui, nenda kamwone daktari". Aliniuzia bomba la sindano, unga wa dawa ya kuua bakteria na vitamini, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote kwamba nichanganye na maziwa ya ng'ombe nimpe asubuhi, mchana na jioni, "atapata nguvu". Hadi leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Mtu anayeuza dawa ya kuku hana haki ya kubuni tiba ya bundi ili asipoteze mteja wa shilingi elfu chache. Na hasira hiyo hiyo ninayo kwa wanaorusha video za mtu akimnywesha ndege wa porini kwa kijiko huku muziki ukilia, bila kutuonyesha ndege huyo alikuwaje kesho yake.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Ukimfumbua ndege mdomo utaona shina la ulimi, na papo hapo nyuma yake kuna kitundu kinachofunguka na kufunga. Hicho ndicho cha kupumulia. Kwetu sisi njia ya hewa ina kifuniko tunapomeza. Ndege hana kifuniko kama hicho, kwa hiyo ukisukuma maji kwa bomba, hasa kwa ndege dhaifu ambaye hamezi vizuri, unayaelekeza kwenye njia ya hewa. Yakishaingia huko hayana pa kutokea. Aidha, ndege hanyonyeshi, na tumbo lake halikuumbwa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Hata yale yanayofika tumboni humharisha na kumkausha maji mwilini, yeye ambaye tayari ana upungufu wa maji.

Nilimpa mara tatu. Mara ya tatu alikohoa, ikiwa tunaweza kuuita ule mtikisiko kikohozi, na povu dogo jeupe likatokea kwenye tundu la pua juu ya mdomo. Nililifuta kwa ncha ya kanga nikadhani ameshiba. Usiku alianza kupumua kwa mkia, yaani mkia ulikuwa unapanda na kushuka kwa kila pumzi, na ndani yake kulikuwa na mlio mdogo kama sufuria ya uji inayoanza kuchemka mbali. Alfajiri alikuwa amelala kifudifudi. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na manyoya ya kifuani yalikuwa yameganda maziwa yaliyochacha. Ukingo wa manyoya ya bawa la bundi una nyuzi laini kama za hariri, ndizo zinazomfanya aruke bila sauti. Nilizigusa asubuhi ile kwa mara ya kwanza.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo wa halmashauri ili nijue kosa, na yeye ndiye aliyenieleza habari ya kitundu kile. Aliniambia pia kwamba bawa lilivunjika mahali pamoja tu, tena ngozi haikuchanika. Bawa halikumuua. Niliyemuua ni mimi na lile bomba.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitachoka kuirudia: usimtie mnyama wa porini aliyejeruhiwa kitu chochote mdomoni, si maziwa, si maji, si uji, si glukosi, si dawa, mpaka mtu mwenye taaluma amwone. Aliyegongwa ana mshtuko na mwili wake umepoa. Tumbo lililopoa halisagi chakula, hata kingekuwa nyama safi ya panya. Anachohitaji usiku wa kwanza ni giza, joto na ukimya. Chukua boksi la katoni, litoboe matundu ya hewa, tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha, mrushie kanga ili asikuone, mshike miguu kwa uangalifu kwa sababu kucha zake hupenya hadi mfupani, kisha mwingize na ufunike. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitenge, iweke upande mmoja tu wa boksi ili akizidiwa na joto asogee. Mtoe jikoni kwenye moshi. Usimchungulie, usimpige picha, usiwaite watoto waje kutazama. Kama kuna kidonda kilichofunguka begani usikimwagie maji wala spiriti, maana mfupa wa hapo ni mtupu ndani na umeungana na mifuko yake ya hewa, na utarudi kwenye kosa lile lile kwa mlango mwingine.

Asubuhi mapema nenda ofisi ya kijiji, waombe wakuunganishe na afisa wanyamapori wa wilaya, na umtafute daktari wa mifugo wa halmashauri, siyo muuza duka. Hilo si adabu tu: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujifugia mnyama wa porini bila kibali, hata kama nia yake ni njema, na taarifa yako mapema ndiyo inayokulinda.

Kuhusu kujitolea, anzia kwa afisa huyo huyo. Msaada mkubwa unaoweza kuutoa kijijini ni kuwa mtu wa boksi na usafiri, na kuwaambia majirani kwa upole kwamba bundi huyo anakula panya wanaomaliza mahindi yao ghalani; mama jirani wangu alilielewa hilo nilipomhesabia vichwa vya panya kwenye matapishi makavu ya bundi, yale madonge ya mifupa na manyoya anayoyatema, chini ya dari ya ghala lake. Mkiokota mamalia, iwe nguchiro au mbweha, usimguse kwa mkono mtupu kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na akikung'ata osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Wale wanaoingia na walinzi kung'oa mitego ya nyaya kwenye msitu wa Mlima Rungwe, ambako kipunji, yule kima adimu, alitambuliwa mwaka 2003, huingia kwa ruhusa. Usiende peke yako.

Safari zako za siku moja zinaweza kusubiri. Maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo yanapendeza kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo hujachelewa kitu.

Andika hapa usiku huu, hata kwa mstari mmoja, uniambie kama mkia wake unapanda na kushuka anapopumua, na kama kuna povu puani. Kama lipo, usisubiri kuche. Mpigie mwenyekiti wa kijiji sasa hivi akutafutie namba ya daktari.