Waya mweusi si nyutro: kwa mnaojiandaa na mtihani wa ukaguzi wa nyumba Marekani

Mpe fundi umeme aliyetoka Dar au Mombasa karatasi, mwambie achore paneli ndogo ya gereji, yaani boksi la breka linalolishwa na paneli kuu. Atachora vizuri, mistari imenyooka kama ya rula, kila breka na namba yake. Halafu atachukua nyutro zote (nyaya za kurudisha mkondo) na ethi zote (nyaya za usalama) azifunge kwenye baa moja, ule ukanda wa chuma wa kufungia nyaya, akurudishie karatasi huku anatabasamu. Hapo alama zimeshaondoka. Kila kundi jipya linachora mchoro huohuo na kubisha kwa maneno yaleyale: "Lakini kaka, si zinakutana huko mbele?" Zinakutana, ndiyo. Swali ni wapi, na ni mara ngapi.

Basi haya ni ya ndugu zetu wapya mnaosomea NHIE, mtihani wa taifa wa wakaguzi wa nyumba. Mtihani wenyewe mnaujua: maswali 200 ya kuchagua, saa 4, na 25 kati ya hayo ni ya majaribio yasiyohesabiwa, ila huambiwi ni yapi. Matokeo yanatolewa kwa mizani ya 200 hadi 800, na kuvuka ni 500. Hiyo 500 si asilimia wala si idadi ya maswali, kwa hiyo acheni kuulizana "nikipata 140 nimepita?"

1. Jimbo kwanza, kitabu baadaye. Marekani haina leseni moja ya kazi hii. Washington inataka saa 120 za darasa, kufuatana na mkaguzi mwenye leseni kwa saa zinazofika 40, na mtihani wenye sehemu ya taifa na sehemu ya jimbo. Ohio inataka saa 80 za darasa. Minnesota na Georgia hazitoi leseni hii kabisa. Hata hivyo kila mwaka yupo mtu anayemaliza kozi nzima ya jimbo la shemeji yake kwa sababu shemeji alikuwa na vitabu vya bure.

2. Fikiri kwa inchi. Mtihani haujui sentimita, na ukibadilisha kichwani utapoteza muda na alama. Nunua tepu ya futi, zunguka nayo kwenye jengo unaloishi. Ngazi: kupanda kusizidi inchi 7¾, pa kukanyagia pasipungue 10, na tofauti kati ya hatua na hatua isizidi 3/8. Kizuizi cha baraza iliyoinuka zaidi ya inchi 30 kiwe na kimo cha 36, na mpira wa inchi 4 usipenye kati ya fito. Inchi 4 kwa sababu ya kichwa cha mtoto, na ukilikumbuka hilo namba haikutoki. Dirisha la chumba cha kulala la kuokolea watu: kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Pima dirisha lako leo jioni.

3. Umeme. Hapa tunaungama wote tuliowahi kushika testa huko nyumbani, maana hakuna sehemu inayotuumbua kama hii, na inatuumbua kwa sababu tunaijua.

Tuanze na rangi. Nyumba zetu za zamani zilifuata Mwingereza: nyekundu fezi (waya wenye moto), nyeusi nyutro. Mpya zina kahawia na bluu. Mkono uliozoea hivyo ukiona waya mweusi unatulia. Huku mweusi ndio wenye moto, na mwekundu pia una moto. Mweupe ni nyutro. Ethi ni shaba tupu au kijani. Kwenye picha ya mtihani utaona mweupe umefungwa kwenye breka ya 240 bila kuzungushiwa utepe mweusi au alama ya rangi nyingine, na jibu ni kwamba waya huo una moto na haukutiwa alama. Fundi wetu anaupita kwa sababu macho yake bado yanatafuta nyekundu.

Kisha volti. Kwetu ni 230 au 240 kati ya fezi na nyutro, basi. Huku transfoma inaleta nyaya mbili za moto, kila mmoja una 120 kwa nyutro, na 240 wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo saketi mbili zinaweza kutumia nyutro moja. Zikiwa kwenye nyaya mbili tofauti za moto, moja ikivuta ampea 10 na nyingine 7, nyutro inabeba tofauti tu, ampea 3. Akija mtu akahamisha breka, zote mbili zikaangukia waya mmoja wa moto, nyutro hiyohiyo inabeba 17, na hakuna breka inayoilinda. Waya namba 14 wa shaba (namba ni ya unene wa waya) ni wa ampea 15. Piga hesabu.

Sasa baa. Jambo la kuchekesha ni kwamba tulipokuja tulikuwa sahihi nusu. Kwenye boksi za nyumbani baa ya nyutro iko peke yake na ya ethi peke yake, na hakuna anayezichanganya. Halafu tunafika, tunafunguliwa paneli ya kwanza, tunakuta nyaya nyeupe na shaba tupu zimebanana kwenye baa moja. Tunashtuka, tunaambiwa "ni sahihi hapa", na kuanzia siku hiyo tunaandika moyoni kwamba Marekani nyutro na ethi ni kitu kimoja. Ndipo tunaporomoka.

Zinaungana kwenye mein swichi ya kwanza tu. Sababu yake ni hii: waya wa moto ukigusa bati la friji, mkondo unatakiwa urudi transfoma kwa njia nyepesi, uwe mkubwa, breka ikatike papo hapo. Njia hiyo ni ethi mpaka kwenye mein swichi, halafu nyutro ya shirika la umeme. Fimbo ya ethi haifanyi kazi hiyo. Chukua fimbo yenye ukinzani wa omu 25 kwenye udongo, gawanya 120 kwa 25, unapata ampea 4.8. Breka ya 15 haitajua hata kama kuna jambo. Ukiona jibu linalosema fimbo ndiyo inayokata breka, lipite.

Kutoka pale kwenda mbele, nyutro na ethi hazikutani tena. Paneli ndogo inaletewa nyaya nne: mbili za moto, nyutro, ethi. Nyutro zinakaa kwenye baa iliyosimama juu ya plastiki, isiyogusa bati la boksi. Ethi zinakaa kwenye baa iliyopigwa skrubu kwenye bati. Ile skrubu ya kijani inayokuja na boksi, au ukanda wa shaba unaounganisha baa ya nyutro na bati, inatolewa. Ukiiacha, mkondo wa kawaida wa nyutro unagawanyika: sehemu inarudi kwa nyutro, sehemu kwa ethi, kwa paipu ya chuma, kwa bomba la gesi, kwa kila chuma kilichounganishwa. Nyutro ya kutoka paneli kuu ikilegea, mzigo wote unahamia kwenye chuma ambacho mtu anakishika kwa mkono. Na taa zinaendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana kosa linakaa ukutani miaka 20.

Mtego uliopo ndani ya mtego: paneli gani ni kuu? Mtahiniwa anaangalia ukubwa. Anaona boksi la ampea 200 lenye breka 40 ukutani, anasema hii ndiyo kuu, nyutro na ethi zikiwa pamoja ni sawa. Soma maelezo ya swali tena. Kama mein swichi iko nje chini ya mita, muungano uko nje, na lile dubwana la ndani ni paneli ndogo, likubali au likatae. Upande mwingine, jengo la nje lililopelekewa nyaya tatu zamani liliruhusiwa kuunganisha nyutro na ethi chini ya masharti. Kanuni ya umeme ya 2008 ndiyo iliyofunga mlango huo kwa kazi mpya. Mkaguzi anaeleza anachokiona na kupendekeza fundi umeme mwenye leseni, haandiki "haramu".

Yaliyobaki ya umeme kwa pumzi moja: shaba namba 14 ni ampea 15, namba 12 ni 20, namba 10 ni 30, alumini panda saizi moja, alumini ya waya mmoja mgumu kwenye saketi za soketi tarajia nyumba za 1965 hadi 1973, nyutro mbili chini ya skrubu moja ni kasoro, soketi ya GFCI (inayojikata umeme ukivuja) inakatika kwenye miliampea 5 hivi, si 30 kama kikatio cha kwetu, usichanganye.

4. Weka bisibisi chini. Maswali ya taarifa na wajibu yanamwangusha fundi mzuri kuliko asiye fundi. Swali linasema umekuta tundu kwenye bomba la moshi la tanuru la gesi, ufanye nini? Mojawapo ya majibu ni kuziba kwa utepe wa alumini. Mkono unawasha. Ukiziba, umekuwa mkandarasi na umelikosa swali. Jibu linalotafutwa karibu siku zote lina vipande vitatu: umeona nini na wapi, kina madhara gani, nani aitwe. Mkaguzi anaangalia kinachoonekana na kinachofikika. Hasogezi kabati la mwenye nyumba, hatabiri dari litadumu miaka mingapi, hatoi hukumu ya kanuni za ujenzi. Somo hili linachosha, nakubali, na ndiyo maana mnaliruka.

5. Hita ya maji ya tangi. Kwetu hita ni ile ya ukutani bafuni, kwa hiyo vali ya usalama mnaiona kama pambo. Tangi la galoni 40 au 50 likikosa vali hiyo huku kidhibiti joto kimeharibika, maji yanapanda kupita nyuzi 212 za Farenhaiti yakiwa bado maji kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Vali inafunguka kwenye presha ya psi 150 au nyuzi 210. Bomba lake la kutolea maji lisipunguzwe kipenyo, lishuke bila kupanda popote, lisiwe na koki, na liishie si zaidi ya inchi 6 kutoka sakafuni ili lisimwage maji ya moto usoni mwa mtu. Ncha isiwe na nyuzi za skrubu. Kwa nini? Kwa sababu vali ikianza kudondosha, yupo mwenye nyumba atakayenunua kifuniko cha dola mbili na kuifunga.

6. Nyumba ni ya mbao, jamani. Mmezoea tofali, lenta na zege, mkiona ufa mnaogopa kabla ya kuutazama. Ukuta wa msingi wenye ufa wima mwembamba mara nyingi ni zege kusinyaa. Ufa wa mlalo katikati ya ukuta wa bloku ndio wa kukutoa jasho: udongo wa nje unausukuma ukuta ndani, na mara nyingi udongo huo umelowa kwa sababu gata zinamwaga maji mlangoni mwa msingi au ardhi haikuinamishwa inchi 6 katika futi 10 za kwanza. Boriti za sakafu: usikubali mkato kwenye theluthi ya kati, tundu lisizidi theluthi ya kimo na likae angalau inchi 2 kutoka ukingoni. Fundi bomba anayekata boriti kupitisha choo ni mhusika mkuu wa mtihani huu.

Na kenchi. Seremala wetu anajenga kenchi juu ya nyumba, akiona mbao inamzuia anaikata na kupigilia nyingine pembeni, maisha yanaendelea. Kenchi ya kiwandani haikatwi, haitobolewi, haiondolewi kipande hata kwa ajili ya kupitisha bomba la hewa, bila mchoro wa mhandisi. Baraza la mbao nalo: ubao unaolishika kwenye nyumba ukiwa umepigiliwa misumari mitupu bila bolti, andika.

7. Vitu vya kukariri na kuachana navyo. Trapu ya S (bomba lililopinda kama herufi S) chini ya sinki ni kasoro kwa sababu inajinyonya maji yake na kuruhusu hewa ya maji taka. Dohani ipande futi 3 juu ya paa inapotokea na futi 2 juu ya chochote kilicho ndani ya futi 10. Bomba la maji taka la inchi 2 lishuke robo inchi kwa kila futi. Vigae vya lami haviwekwi kwenye paa lenye mwinamo chini ya 2 kwa 12, yaani kupanda inchi 2 kwa kila inchi 12 za mlalo. Rangi yenye risasi, fikiria nyumba za kabla ya 1978.

8. Siku yenyewe. Dakika 240 kwa maswali 200 ni sekunde 72 kila moja. Ukikwama weka alama, songa, rudi baadaye, wala usiache wazi. Soma neno la mwisho la swali kabla ya majibu, kwa sababu "isipokuwa" inajificha pale. Picha ya paneli ikitokea, nenda moja kwa moja: mein swichi iko wapi, nyaya za kuingia ni tatu au nne, baa ya nyutro imegusa bati?

Usipofika 500, unasubiri siku 30 kabla ya kurudi. Siku 30 zinatosha kuchora paneli ndogo moja kila asubuhi kabla ya chai, nyaya nne, baa mbili, mpaka mkono uache kuichora ile skrubu ya kijani.